Damià Allès Febrer, Fundi wa Viti vya Binicosme

Padre, Àgueda mwanangu, Bi Margalida, jamaa, majirani na mafundi wote mliofika leo, tarehe 11 Machi 2022, katika kanisa letu hapa Ferreries: poleni kwa msiba.

Wasifu huu ninausoma mimi, Sebastià, mdogo wake marehemu, yule mnayemwita Tià. Najua wengine wenu mmeshangaa kuniona nikipanda hapa. Kwa miaka kumi na mitano na nusu hamkupata kutuona tumesimama upande mmoja wa barabara. Marehemu mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivi. Aliniagiza niandike kwa mkono wangu, Àgueda akague, kisha uchapwe kwenye karatasi mlizoshika ili nisipate nafasi ya kuruka mstari. Alisema pia nisilie, maana nikilia watu watanihurumia na hawatasikiliza. Nitajitahidi.

Marehemu Damià Allès Febrer alizaliwa tarehe 14 Novemba 1937 katika nyumba yenye mlango wa kijani nyuma ya kanisa hili. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mateu Allès, fundi wa malango na plau, na Antònia Febrer, aliyekuwa akitengeneza jibini kwenye mashamba ya watu. Ulikuwa wakati wa vita na mkunga hakupatikana. Baba ndiye aliyemkata kitovu, kwa patasi aliyoichemsha kwenye sufuria ya supu. Damià alipenda kulisimulia jambo hilo kwenye kila harusi aliyoalikwa. Mimi nilizaliwa miaka mitano baadaye. Mimi nilipata mkunga.

Alisoma katika shule ya wavulana hapa mjini kuanzia 1944 hadi 1949. Hakuwa hodari wa kuandika. Mwalimu wetu alikuwa na kiti cha miguu minne kilichoyumba kwenye sakafu ya mawe, akawa anakikemea kama anavyotukemea sisi. Siku moja Damià aliomba akipeleke nyumbani kukirekebisha. Alikirudisha Jumatatu kikiwa na miguu mitatu.

"Umekata mguu wa kiti cha serikali!" mwalimu alifoka.

"Huo wa nne ndio uliokuwa unaleta ugomvi, bwana," Damià akajibu. "Kaa uone."

Mwalimu alikaa. Kiti kilitulia tuli. Alimpiga viboko viwili kwa ajili ya mguu, kisha akakalia kiti kile mpaka alipostaafu.

Alipofika miaka kumi na miwili aliingia katika karakana ya baba. Mzeituni mwitu ni mti mgumu na mkaidi. Haukui wima kwenye kisiwa hiki, unainamia kusini kwa sababu ya upepo wa kaskazini, nao hauwekwi sawa na mtu yeyote. Baba alimfundisha kuuchukua ulivyo. Ukihitaji kipande kilichopinda, tembea mpaka ukione kimepinda, usikilazimishe. Alipokwenda jeshini Palma mwaka 1958 walimpa kazi ya kutengeneza vitanda, na aliporudi mwaka uliofuata alisema hajawahi kuona mbao za kusikitisha kama zile, zimenyooka zote kama wafungwa.

Mwaka 1960 mzee mmoja wa upande wa Es Migjorn, Rafel Coll, alimwagiza lango la zizi. Damià alilitengeneza vizuri mno, lakini halikufunga. Akarudi kulirekebisha. Halikufunga. Akarudi tena. Safari ya nne mzee Rafel akachoka.

"Wewe fundi gani? Baba yako ametengeneza malango nusu ya kisiwa hiki!"

Joana, binti yake, alikuwa barazani akisuka vikapu. Hakuinua hata kichwa. "Baba, lango ni zima. Mwenye kasoro ni huyo aliyelileta. Muulize anataka nini."

Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 23 Septemba 1961. Mwaka 1965 walimpata Àgueda, mtoto wao wa pekee. Kwa miaka hamsini nyumba yao ilikuwa nyumba ya supu ya nyanya na vitunguu saumu na tini mbichi pembeni, na mlango usiofungwa kwa mgeni. Mimi nilikula hapo kila Jumapili. Hilo mtalihitaji mbele.

Sasa nafika kwenye kazi iliyompa jina na kumnyang'anya.

Mwaka 1963 msanifu majengo mmoja kutoka Barcelona, Bwana Ferran Rocabert, alijijengea nyumba ya mapumziko Binicosme, mahali ambapo wakati ule palikuwa na mbuzi tu. Unaacha barabara, unapita malango saba, unateremka kwa dakika ishirini kati ya kuta za mawe, ndipo unaiona: nyeupe, ya chini, imejikunyata juu ya ghuba ndogo ambayo hakuna jirani anayeiona. Biel Marquès ndiye aliyeijenga kwa mawe. Damià alitengeneza milango, madirisha na lile lango la mwisho. Bwana Ferran alikuwa mkusanyaji. Alileta kwa meli taa za Kidenmark, makochi ya ngozi kutoka Milano, meza ya kioo yenye miguu ya chuma, na kiti kimoja cha kuning'inia kama yai lililopasuliwa ambacho Biel alikataa kukikalia. Lakini kwenye baraza ya kulia chakula kila alicholeta kiliyumba, kwa sababu Biel alikuwa ametandaza mawe yenye mabonde.

"Fundi mkuu," Bwana Ferran alimwambia Damià, "hebu nitengenezee viti kumi na viwili."

"Vya namna gani?"

"Namna unayoitaka wewe."

"Mimi nataka visiyumbe tu."

Damià alitembea msimu mzima wa baridi wa 1963 kuingia 1964 akitafuta matawi. Alikuwa akirudi nayo begani akiyaonyesha kama mtu aliyerudi na sungura. Kila kiti kilikuwa na miguu mitatu, na mgongo wake ulikuwa tawi moja lililopindwa na upepo, likashuka na kuwa mguu wa nyuma bila kiungo. Joana alisuka vikalio kwa kamba. Hakukuwa na mchoro. Nasema tena, kwa maana hili ndilo jambo la kwanza aliloniagiza niliseme mbele yenu: hakukuwa na mchoro. Viti sita vilikuwa vimekwisha kukaliwa, Juni 1964, Bwana Ferran alipoketi barazani akaweka kimoja mbele yake na kuanza kukichora. Mimi nilikuwepo, nilikuwa namsaidia kaka kubeba. Nilimsikia akiuliza, "Hapa ni sentimita ngapi?" Nikamsikia Damià akijibu, "Sijui. Pima."

Bwana Ferran alikuwa akija kila kiangazi, na kila kiangazi alikula kwa Damià angalau mara tatu. Aliipenda supu ya Joana. Alimwita Damià mwalimu wake mbele ya wageni. Mwaka 1967 alipohitaji mtu wa kuitunza nyumba wakati hayupo, Damià ndiye aliyemwambia, "Mchukue mdogo wangu, ni mtu wa kuaminika." Ndivyo nilivyopata kazi na kile kijumba kilicho karibu na tangi la maji ya mvua, ambamo ninaishi mpaka leo.

Bwana Ferran alifariki Oktoba 1988. Mwezi uliofuata kijana mmoja aliyekuwa akiandika juu ya nyumba zake alikuja karakanani na kumwonyesha Damià jarida la Milano la mwaka 1966. Kiti kilikuwa ukurasa mzima. Chini yake jina la Ferran Rocabert, peke yake, na habari za tuzo aliyoipata. Damià alilishika jarida lile muda mrefu.

"Miaka ishirini na miwili," alisema. "Amekula kwangu miaka ishirini na miwili na hakuweka hata hili jarida mezani."

Hakwenda mahakamani. Hakudai fedha, na wanaosema alidai ni waongo. Alimwandikia barua Pol, mtoto wa Bwana Ferran, kwa mwandiko wa Joana kwa sababu wake ulikuwa mbaya. Kiwanda kimoja kilitaka kuanza kutengeneza kiti kile kwa wingi, na Damià aliomba jambo moja: jina lake liwekwe chini ya lile la Bwana Ferran. Alisema "chini" kwa makusudi. Hakuomba liwe juu.

Jumamosi, tarehe 18 Machi 1989, Pol alikuja Binicosme. Tulikaa barazani, juu ya viti vyenyewe. Alimimina pombe ya jini na maji ya ndimu.

"Tià, wewe ulikuwepo miaka ile."

"Nilikuwepo."

"Ulimwona baba akikichora kiti."

"Nilimwona."

"Basi nakuomba useme hilo tu. Hakuna zaidi." Akatazama kijumba chetu. "Na hapo pako, napenda pabaki penu wewe na mkeo mpaka mwisho. Nimekwisha kumwambia wakili."

Hakunitisha. Laiti angenitisha, leo ningekuwa na cha kujitetea. Jumanne tulikwenda Maó mbele ya wakili. Karatasi ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba mimi, Sebastià Allès Febrer, nilimwona Bwana Ferran Rocabert akichora kiti kabla ya kaka yangu kukitengeneza. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa "kabla". Nililiona neno lile. Nililisoma mara mbili. Wakili akaniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa, nikatia sahihi.

Jibu lilimfikia Damià mwezi wa Mei. Lilisema kwamba shahidi wa karibu amethibitisha kuwa mchoro ulitangulia, na kwamba familia inamshukuru kwa kazi yake ya mikono. Jina la shahidi halikutajwa.

Jumapili ile nilikuwa mezani kwake kama kawaida.

"Ni Biel," alisema Damià. "Pol amempa kazi ya kuezeka upya pale Binicosme, si mmeona? Shahidi wa karibu! Nani mwingine alikuwepo kila siku?"

"Tià alikuwepo," Joana akasema.

Damià alicheka. Sijasahau kicheko kile, kwa kuwa hakukuwa na shaka hata chembe ndani yake. "Tià? Mwanamke wewe, Tià ni ndugu yangu."

Nikaomba niongezewe mkate.

Hili ndilo jambo la pili aliloniagiza. Biel Marquès alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Walijenga pamoja, walipanda farasi pamoja kwenye sherehe za Mtakatifu Bartomeu, Biel alikuwa baba wa ubatizo wa Àgueda. Damià aliacha kumsalimu. Biel alimfuata karakanani, nami nilikuwepo, nikishikilia ubao ambao Damià alikuwa akiukata.

"Damià, nimekukosea nini?"

"Kamuulize wakili."

"Wakili gani? Mimi nikipewa karatasi naweka dole gumba, wewe unajua. Nani atanitaka niwe shahidi wa karatasi?"

"Dole gumba linatosha kumuuza mtu."

Biel aligeuka akaniangalia mimi, akidhani nitamtetea. Niliendelea kushikilia ubao. Alitoka, na kwa miaka minane alikuwa akivua kofia kila alipompita Damià, na Damià akitazama ukuta. Biel alifariki tarehe 2 Februari 1997. Damià hakwenda mazishini. Mimi nilikwenda, nilibeba jeneza. Bi Margalida, mjane wake, yupo hapa leo, safu ya tatu. Bi Margalida, mumeo hakutia dole gumba popote. Aliyetia sahihi ni mimi.

Naomba mnivumilie, bado.

Mwaka 2004 Pol aliigeuza Binicosme kuwa nyumba ya kupangisha wageni wakati wa kiangazi. Watu walikuja kwa ajili ya upweke wa ghuba ile na kwa ajili ya samani za zamani za baba yake. Mezani sebuleni paliwekwa kitabu kikubwa cha picha kinachoeleza habari za kila kiti na kila taa. Mimi sikupata kukifungua. Juni 2006 mwanamke aliyekuwa akitufulia aliugua, nikampigia simu Àgueda aje anisaidie kubadilisha mashuka. Akiwa anasubiri mashine imalize kufua, alifungua kitabu. Ukurasa wa arobaini na moja palikuwa na picha ya karatasi ya wakili, sahihi yangu chini, imekuzwa ili wageni waisome vizuri.

Alikibeba kitabu mpaka kwa baba yake ndani ya kapu la nguo. Ameniambia kwamba Damià alimtaka asome mara moja tu. Kisha alikwenda kusimama uani. Joana akamwuliza kama atakula sasa au baadaye, akajibu, "Nipeni maji."

Kesho yake, Jumanne tarehe 13 Juni, saa tano asubuhi, alikuja Binicosme kwa miguu, malango yote saba. Alikuwa na miaka sitini na minane, amevaa nguo zake za kazi. Mimi nilikuwa nyuma nikisafisha bwawa la kuogelea. Aliingia sebuleni kunitafuta akakuta kiti chake kimoja kimewekwa juu ya jukwaa dogo, kimezungushiwa kamba nyekundu, na kibao cha kuomba wageni wasikikalie. Alitoa kamba kwenye ndoano, akakaa, akanisubiri.

Walikuwemo wageni, mume na mke wa Kiholanzi na rafiki zao. Mke aliingia akamkuta.

"Mzee, hicho si cha kukalia," alimwambia kwa Kihispania cha kubahatisha. "Kina thamani sana."

"Nilikitengeneza kikaliwe," Damià akajibu.

Yule mama hakuelewa, au hakuamini. Mumewe akaanza kumpiga picha. Mtu akaniita. Nilikuja mbio na wavu wa bwawa mkononi, nikamwona kaka yangu juu ya kile kiti, mikono juu ya magoti, akinitazama tu, na chini ya kwapa lake kile kitabu. Nikajua kwa nini amekuja.

"Unamfahamu?" yule mama akaniuliza.

Hili ni jambo la tatu. Nilisema: "Samahani, mama. Ni mzee wa huku, akili yake imechoka. Huwa anapotea."

Nililisema kwa Kihispania ili wageni waelewe. Kaka yangu Kihispania alikijua vizuri tangu jeshini.

Aliinuka taratibu. Hakukuwa na ghadhabu usoni mwake, na ningefurahi ingekuwapo. Alirudisha kamba kwenye ndoano yake, akaweka kitabu mezani mahali pake, akamwambia yule mama, "Samahani kwa usumbufu." Alipita karibu yangu kiasi kwamba bega lake liligusa wavu. Swali alilokuja nalo hakuliuliza. Kutoka pale nilimwona akipanda njia mpaka alipopotea nyuma ya ukuta wa pili, na lango la mwisho, ambalo halikuwahi kupiga kelele tangu alipolitengeneza, alilifunga kwa uangalifu nyuma yake.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Bi Margalida. Hakumfungulia. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne alimfungulia, akamkalisha jikoni, akampa kahawa. Bi Margalida ameniruhusu niseme alichomwambia: "Biel alikusubiri miaka minane, Damià. Kahawa hii ni yake, mimi yangu sijaipika." Tangu siku hiyo mpaka alipougua, marehemu alikwenda makaburini kila Ijumaa. Lile benchi la mbao karibu na kaburi la Biel, ambalo wengi mnalikalia mkiwa na wazee wenu wanaoumwa miguu, ni kazi yake.

Mimi aliniondoa. Hakunitukana wala hakunisema kwa watu, ndiyo maana wengi hamkujua sababu. Aliponiona alivuka barabara. Nilimwandikia barua mbili, Àgueda akazirudisha hazijafunguliwa. Joana alipofariki, tarehe 30 Novemba 2011, nilipanga foleni ya kutoa pole mlangoni mwa kanisa hili. Damià alimpa mkono aliyekuwa mbele yangu, akampa mkono aliyekuwa nyuma yangu.

Aliendelea na kazi. Hakutengeneza tena kiti. Waliokuja kumwagiza aliwaambia, "Nendeni kiwandani, wana mchoro." Alitengeneza malango hadi mwaka 2018, na mnaweza kuyahesabu mkienda mpaka Ciutadella kwa njia ya zamani.

Mwaka 2019 alianza kukosa pumzi. Madaktari walisema mapafu yamekakamaa kwa vumbi la mbao la miaka sabini. Kutoka kitandani hadi uani ikawa safari, kisha akawekewa mtungi wa oksijeni. Àgueda aliacha nyumba yake akaja kumuuguza, akimlisha, akimwogesha, akigombana naye juu ya chumvi. Ahsante, mwanangu.

Tarehe 16 Januari mwaka huu Àgueda alinipigia simu. "Baba mdogo, anakuita. Usilete kitu. Na usijitie utakatifu ukifika."

Nilimkuta ameketi, mipira ya oksijeni puani. Alikuwa amebaki mikono tu. Nilipiga magoti, akaniambia niinuke, nitachafua suruali.

"Damià, nisamehe."

"Sikusamehe, Tià." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nimechoka kuvuka barabara, basi. Na sasa hivi hata siwezi."

Nikamwambia nitakwenda tena kwa wakili, nitaifuta ile karatasi. Alitikisa kichwa.

"Wakili simtaki. Karatasi zako ninazijua. Utasema kanisani, mbele ya watu wa Ferreries. Utasema mchoro haukuwepo. Utasema Biel alikuwa mtu safi. Na utasema..." Hapo kikohozi kilimshika, Àgueda akaja, akamkalisha sawa. Tulisubiri. "Utasema akili yangu haikuwa imechoka."

"Nitasema."

"Ulisema kwa sauti kubwa siku ile. Sema kwa sauti ileile."

Naam. Kaka yangu Damià Allès Febrer akili yake haikuwa imechoka. Siku ile ndani ya nyumba ile, mwenye akili timamu alikuwa ni yeye aliyekaa kwenye kiti.

Nilikwenda kumwona mara nyingine sita. Hatukuzungumza mengi. Aliniuliza habari za milango ya Binicosme, kama chumvi ya bahari imeila. Siku moja aliniuliza kama wageni bado wanakatazwa kukaa. Nikasema bado. Akasema, "Wapumbavu," akalala. Sikuwahi kusikia neno la msamaha na sitawadanganya kwamba nililisikia.

Alifariki dunia nyumbani, Jumatano tarehe 9 Machi 2022, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Àgueda alikuwa naye. Mimi nilikuwa njiani.

Marehemu ameacha binti mmoja, Àgueda; mjukuu mmoja, Mateu, aliyerithi jina la baba yetu na vifaa vyake vyote; malango zaidi ya mia tatu; na viti kumi na viwili vya mzeituni mwitu vilivyoko Binicosme, ambavyo ni vyake, vyote, kimoja baada ya kingine.

Àgueda aliponisahihishia karatasi hii aliniuliza mbona sikujiandika hapa, maana ndugu huandikwa. Nilimwambia sijui nijiandike vipi. Desturi ni kusema marehemu ameacha ndugu mmoja. Lakini kaka yangu hakuniacha mimi. Mimi ndiye niliyemwacha, miaka thelathini na mitatu iliyopita, Jumanne, mbele ya wakili.

Apumzike kwa amani, ile niliyomnyima.